Blocher na nguvu iliyokaa nje ya serikali

Uswisi ikikaribia kupiga kura juu ya wahamiaji au Umoja wa Ulaya, vyombo vya habari vya nje hurudia maelezo yale yale: wimbi la siasa kali za mrengo wa kulia limefika milima ya Alps, na nchi iliyosifika kwa utulivu sasa imeambukizwa. Safari hii mambo mawili yamekutana. La kwanza ni pendekezo la wananchi lililowasilishwa na Chama cha Umma cha Uswisi (SVP) mwezi Aprili 2024, linalotaka idadi ya wakazi isivuke milioni 10 kabla ya mwaka 2050. La pili ni mikataba mipya kati ya Uswisi na Umoja wa Ulaya, ambayo mazungumzo yake yalikamilika Desemba 2024. Aprili 2025 serikali iliamua kwamba mikataba hiyo ikifika kwa wapiga kura, itapitishwa kwa wingi wa kura za wananchi peke yake, bila kuhitaji pia wingi wa kantoni, yaani majimbo yanayounda Uswisi. Waandishi wengi wameng'ang'ania lile la kwanza na kulipita la pili kana kwamba ni ufundi wa wanasheria. Wamekosea. Lile la pili ndilo linaloeleza nusu karne ya siasa za mtu mmoja, Christoph Blocher, mwanasiasa mashuhuri kuliko wote wa SVP, na ndilo litakaloamua kama kazi aliyoifanya itadumu.

Blocher ameelezwa kama bilionea aliyenunua chama, kama Trump wa Uswisi, na kama waziri aliyetimuliwa. Maelezo yote matatu yanamtazama kwa kipimo cha cheo. Hoja yangu ni kwamba alikuwa na nguvu nyingi zaidi pale alipokuwa hana cheo chochote cha utendaji. Miaka minne aliyokaa serikalini ndiyo miaka ambayo upande wake ulishindwa katika kura zote kubwa za Ulaya. Kabla na baada ya hapo, alitawala ajenda ya nchi kwa kutumia zana ambazo Katiba ya Uswisi humpa mtu yeyote mwenye watu, kalamu na subira.

Zana hizo ni mbili, na bila kuzijua huwezi kumwelewa. Sheria iliyopitishwa na bunge inaweza kupelekwa kwa wapiga kura endapo saini 50,000 zitakusanywa ndani ya siku 100 tangu itangazwe rasmi. Hapo wingi wa kura za wananchi unatosha. Badiliko la Katiba linaweza kupendekezwa na wananchi wenyewe kwa saini 100,000 ndani ya miezi 18, na hilo hupita tu likipata wingi wa mara mbili: wa wapiga kura nchi nzima na wa kantoni. Kantoni ni 26, lakini sita kati yake huhesabiwa kuwa nusu, hivyo jumla ya kura za kantoni ni 23, na 11.5 kwa 11.5 ni kushindwa. Kantoni ya Zürich yenye watu zaidi ya milioni 1.5 ina kura moja. Uri, yenye watu wasiofika 40,000, nayo ina kura moja. Wananchi huitwa kupiga kura za namna hii hadi mara nne kwa mwaka, na chama kisichokuwa na mtandao wa matawi vijijini hakiwezi kuhimili kasi hiyo.

Blocher alizaliwa Oktoba 1940, mtoto wa saba kati ya kumi na mmoja wa mchungaji wa Kiprotestanti, akakulia Laufen karibu na maporomoko ya mto Rhine. Alisomea kilimo kwanza, lakini familia haikuwa na shamba la kumrithisha, ndipo akageukia sheria na kupata shahada ya udaktari mwaka 1971. Tayari mwaka 1969 alikuwa ameingia idara ya sheria ya kiwanda cha kemikali cha Ems, huko Graubünden, na mwaka 1983 akanunua hisa za kukimiliki. Historia ya kiwanda hicho husahaulika, nayo inafundisha. Kilijengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili kutengeneza mafuta ya magari kutokana na mbao, kikaishi kwa ruzuku ya serikali, na mwezi Mei 1956 wapiga kura wakakataa kuendelea kukisaidia. Kililazimika kujitafutia bidhaa nyingine, ndipo kikaingia katika plastiki na nyuzi za viwandani. Kwa hiyo kampuni iliyomtajirisha Blocher ilikuwa imewahi kunyang'anywa riziki na kura ya wananchi, na ikapona kwa kuuza nje. Soko lake kubwa, hata leo, liko katika nchi za Umoja wa Ulaya ambao mmiliki wake aliupinga maisha yake yote.

Chama nacho hakikuwa chake tangu mwanzo. SVP ilizaliwa mwaka 1971 kutokana na muungano wa chama cha zamani cha wakulima na mafundi na Wademokrasia wa Glarus na Graubünden. Kilikuwa chama cha Waprotestanti wa vijijini, chenye makao ya kiroho Bern, kikiridhika na kura kama asilimia 11 na kiti kimoja kati ya saba serikalini. Blocher alishika uenyekiti wa tawi la Zürich mwaka 1977 na hakuuachia hadi 2003. Hapo ndipo kazi halisi ilipofanyika, na ni kazi ya kuchosha ambayo wasifu wake mwingi huruka: matawi ya mitaa, gazeti la chama, mkutano wa kila Januari wa Albisgüetli kuanzia 1989, kampeni zisizosubiri mwaka wa uchaguzi. Kisha mtindo wa Zürich ukasafirishwa hadi kantoni za Kikatoliki ambako SVP haikuwapo kabisa, kama Luzern na St. Gallen. Vyama vidogo vya kulia vikamezwa kimoja baada ya kingine. Kutoka asilimia 11.9 mwaka 1991, SVP ilifika 14.9 mwaka 1995, 22.5 mwaka 1999 na 26.7 mwaka 2003.

Mkuki uliofungua njia hiyo ulikuwa kura ya tarehe 6 Desemba 1992 kuhusu Eneo la Uchumi la Ulaya, mkataba wa kuingia soko la pamoja la Ulaya bila kuwa mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Serikali, wingi wa bunge, jumuiya za waajiri, vyama vya wafanyakazi na sehemu kubwa ya magazeti vilikuwa upande wa Ndiyo. Waziri wa SVP mwenyewe, Adolf Ogi wa mrengo wa Bern, aliunga mkono na akaueleza mkataba ule kuwa ni kambi ya mazoezi kuelekea uanachama kamili wa Umoja wa Ulaya. Mwezi Mei mwaka huo huo, wiki chache baada ya kusaini, serikali ilipeleka Brussels barua ya kuomba kuanza mazungumzo ya uanachama. Blocher hakuhitaji kubuni hofu yoyote: aliwaambia watu kwamba serikali yao imeshakiri mlango unakoelekea. Alizunguka nchi kwa miezi, akihutubia kumbi ndogo usiku baada ya usiku. Watu asilimia 78.7 walijitokeza, na Hapana ikashinda kwa asilimia 50.3.

Hapa ndipo uchambuzi mwingi huteleza. Kila mtu hukariri 50.3, tofauti ya kura takriban 24,000, na kuhitimisha kwamba Uswisi ilinusurika au ilipotea kwa unywele. Lakini kwa upande wa kantoni matokeo yalikuwa 16 dhidi ya 7. Kantoni sita zenye wasemaji wengi wa Kifaransa na nusu kantoni mbili za Basel ndizo pekee zilizokubali. Hata kama kura zile 24,000 zingegeuka, mkataba ungekufa. Zilihitajika kura tano zaidi za kantoni, na hizo zingetoka kwenye mabonde ya katikati na mashariki ambako Ndiyo ilizidiwa mbali. Wanasheria walibishana kama mkataba ule ulistahili kabisa kupimwa kwa wingi wa mara mbili. Serikali na bunge viliamua kuupima hivyo. Blocher alijifunza somo lile kuliko aliowashinda na waliomwiga: katika kantoni ndogo zinazozungumza Kijerumani kuna ngome, na anayeishikilia hahitaji kuwa na wengi nchini.

Linganisha na uanachama wa Umoja wa Mataifa. Mwaka 1986 Blocher alikuwa mstari wa mbele katika kampeni iliyoukataa kwa asilimia 75.7, na chama cha harakati cha AUNS, cha kutetea Uswisi huru isiyofungamana na upande wowote, alichokiongoza hadi 2003, kilizaliwa kutokana na ushindi ule. Machi 2002 suala lilirudi, na wananchi wakakubali kwa asilimia 54.6. Kwa kantoni ilikuwa 12 kwa 11. Nusu kantoni moja tu ingegeuka, Uswisi ingebaki nje ya Umoja wa Mataifa huku wapiga kura wengi wakiwa wameutaka.

Desemba 2003 aliingia serikalini. Uswisi haina waziri mkuu wala rais mwenye mamlaka; mawaziri saba huchaguliwa mmoja mmoja na wajumbe 246 wa mabaraza mawili ya bunge yakiketi pamoja, kwa kura ya siri, na urais ni zamu ya mwaka mmoja. Tangu 1959 vyama vinne vilikuwa vimegawana viti kwa kanuni ya 2, 2, 2 na 1. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2003 SVP, sasa chama kikubwa kuliko vyote, ilitoa sharti: ama Blocher achaguliwe, ama chama kiondoke serikalini. Bunge likamwondoa Ruth Metzler wa Wakristo-Demokrasia na kumchagua Blocher katika duru ya tatu kwa kura 121 dhidi ya 116. Akakabidhiwa Wizara ya Sheria na Polisi, na kampuni akawaachia watoto wake.

Wizarani hakuwa mtu wa kukaa bure. Aliunganisha idara mbili za wageni na wakimbizi kuwa idara moja ya uhamiaji, na akasukuma sheria ya hifadhi iliyopitishwa na wananchi Septemba 2006 kwa asilimia 67.8. Sheria hiyo ilimtaka mwombaji atoe hati ya kusafiria au kitambulisho ndani ya saa 48, la sivyo ombi lake lisisikilizwe isipokuwa awe na sababu ya kuaminika. Yeyote aliyewahi kukimbia Bujumbura au Bukavu usiku anajua kifungu kama hicho kinamwangukia nani. Huo ndio ushindi wake mkubwa wa uwaziri, nao ulikuwa juu ya sheria ya kawaida ambayo vyama vingine vya kulia viliitaka pia.

Lakini tazama Ulaya. Serikali ya Uswisi hufuata uwajibikaji wa pamoja: uamuzi wa wengi ni uamuzi wa wote saba, na aliyeshindwa ndani hanyanyui sauti nje. Juni 2005 wananchi walipiga kura kujiunga na mfumo wa Ulaya wa Schengen na Dublin, wa kuondoa ukaguzi wa mipakani na kuratibu maombi ya hifadhi. SVP na AUNS walipinga. Wizara iliyohusika na mkataba huo ilikuwa ya Blocher mwenyewe. Msemaji hodari kuliko wote wa upande wa Hapana alikuwa amefungwa mdomo na kiti chake, na Schengen ikapita kwa asilimia 54.6. Septemba mwaka huo huo, kupanua uhuru wa kuhama na kufanya kazi kwa nchi mpya za Umoja wa Ulaya kukapita kwa asilimia 56. Sidai kwamba angekuwa huru angeshinda zote mbili. Lakini kwa kumvuta ndani, wapinzani wake walikuwa wameupokonya upande wake sauti yake.

Kutolewa kwake kunathibitisha jambo hilo hilo kutoka upande mwingine. Mwaka 2007 SVP ilifanya kampeni nzima kwa jina lake, pamoja na lile bango la kondoo mweupe akimfukuza mweusi, na ikapata asilimia 28.9 na viti 62 kati ya 200. Wiki saba hivi baadaye, tarehe 12 Desemba, wasoshalisti, Wakijani na Wakristo-Demokrasia walimchagua kimya kimya Eveline Widmer-Schlumpf, mwana SVP wa Graubünden, kwa kura 125 dhidi ya 115. Blocher akawa waziri wa nne tu tangu 1848 kunyimwa muhula mwingine. SVP ikalifukuza chamani tawi lake zima la kantoni ya Graubünden. Waliofukuzwa wakaunda chama kipya, ambacho mwaka 2021 kiliishia kumezwa katika muungano na Wakristo-Demokrasia. Waliosherehekea siku ile walidhani wamemaliza ukurasa. Miaka miwili baadaye minara ya misikiti ilipigwa marufuku kwa asilimia 57.5, na Februari 2014 pendekezo dhidi ya uhamiaji mkubwa likapita kwa 50.3. Mwaka huo huo Blocher alijiuzulu ubunge kwa hiari, akisema Bern inampotezea muda, na kuelekeza nguvu kwenye mapambano dhidi ya mkataba wa mfumo wa pamoja na Brussels. Mei 2021 serikali yenyewe iliuvunja mkataba huo mezani kabla haujafika kwa wapiga kura.

Kuna doa ambalo msomaji wa Afrika hapaswi kulipita. Katika miaka ya 1980 Blocher aliongoza kikundi kilichoitwa ASA, kilichopinga vikwazo dhidi ya Afrika Kusini na kueneza hoja za utawala wa makaburu huko Uswisi. Ndiyo miaka ambayo Mazimbu, Morogoro, ilikuwa ikiwasomesha vijana wa ANC waliokimbia utawala huo. Watetezi wake husema ilikuwa vita baridi na hofu ya ukomunisti. Hofu hiyo ilikuwepo kweli, lakini wahafidhina wengi wa Ulaya waliokuwa nayo hawakuhitaji kuongoza kikundi cha kuwasemea Pretoria. Kwa mtu aliyejenga jina lake juu ya haki ya kila raia kupiga kura, kuusemea utawala ulionyima walio wengi haki hiyo ni mkanganyiko ambao sijaona akiujibu vya kuridhisha.

Sasa tuzipime hoja. Dhaifu kuliko zote ni ile ya fedha. Ni kweli alitumia mali yake kwa kampeni, na ni kweli Uswisi haikuwa na sheria ya kuweka wazi fedha za siasa hadi ile iliyoanza kutumika kwa uchaguzi wa 2023, kwa hiyo kiasi halisi cha miaka ya 1990 hakitajulikana. Lakini fedha hazielezi kwa nini mtu huyo huyo, mwenye mifuko ile ile, alishindwa Umoja wa Mataifa mwaka 2002, Schengen mwaka 2005, pendekezo la kufukuza wageni wahalifu papo hapo mwaka 2016 kwa asilimia 58.9, la sheria za Uswisi kuwa juu ya mikataba mwaka 2018 kwa asilimia 66.2, na la kusitisha uhuru wa kuhama mwaka 2020 kwa asilimia 61.7. Alipata hata gazeti la Basel, lakini jiji lile likaendelea kupigia kura mrengo wa kushoto. Fedha hununua mabango. Hazinunui matawi ya chama katika vijiji ambako watu wanajuana kwa majina.

Hoja ya wapenzi wake, kwamba 1992 iliiokoa Uswisi na kuileta neema, ina nguvu kidogo zaidi lakini nayo haisimami yote. Mara nyingi husema Hapana ile iliiepusha nchi na matatizo ya euro. Norway na Iceland ziko ndani ya Eneo la Uchumi la Ulaya na hazina euro. Miaka iliyofuata 1992 uchumi wa Uswisi ulidorora, na nafuu ilikuja pamoja na mikataba saba ya pande mbili iliyokubaliwa Mei 2000 kwa asilimia 67.2. Mikataba hiyo imefungwa pamoja kwa kifungu cha gilotini: mmoja ukivunjwa, yote saba hukoma baada ya miezi sita. Mmoja wake ni ule wa uhuru wa watu kuhama, ndio unaolengwa na pendekezo la milioni 10. Kwa mujibu wa pendekezo hilo, wakazi wakifika milioni 9.5 serikali ichukue hatua, na wakivuka milioni 10 na kubaki juu kwa miaka miwili, mkataba uvunjwe. Anayepigia kura idadi ya watu anapigia kura mikataba yote saba, hata kama karatasi haikusema hivyo kwa herufi kubwa.

Hoja nzito ya wapinzani ni kwamba ushindi wake huishia kuwa maji. Mwaka 2014 wananchi waliweka katika Katiba ukomo wa wahamiaji kwa idadi. Desemba 2016 bunge likatoa sheria laini ya kuwapa wakazi wasio na kazi nafasi ya kwanza kwenye baadhi ya ajira, bila ukomo wowote. SVP ikalia kwamba Katiba imevunjwa. Lakini haikukusanya zile saini 50,000 kuipinga sheria hiyo. Nadhani sababu ni rahisi: sheria hiyo ingeangushwa, mgogoro na Brussels ungegusa gilotini, na chama chenye wamiliki wa viwanda vinavyouza Ulaya kingebeba lawama. Hapo wapinzani wana haki. Blocher aliijua sana breki kuliko usukani, na nchi inayofunga breki kila mara hulazimika kutafuta njia za vichochoroni.

Ndiyo maana ugomvi wa kantoni ni mkubwa kuliko ule wa milioni 10. Serikali ina hoja ya kisheria: Katiba hulazimisha wingi wa mara mbili kwa kujiunga na jumuiya zenye mamlaka juu ya mataifa au mifumo ya ulinzi wa pamoja, na mikataba mipya si hiyo, ile ya 2000 na ya Schengen haikupimwa hivyo. Upande wa pili unajibu kwamba mkataba wa biashara huru wa 1972 na ule wa 1992 ulipelekwa kwa kantoni kwa hiari, na kwamba kupokea sheria za Ulaya kwa mfululizo ni jambo zito zaidi ya biashara. Wanaosema hivyo sasa si SVP peke yao. Kundi la matajiri wa uwekezaji lisilo la chama hicho limekusanya saini kutaka kanuni hiyo iandikwe katika Katiba. Hoja ya Blocher imehama chama chake, na hiyo ni dalili ya nguvu kuliko asilimia za uchaguzi.

Binafsi naona serikali iko sahihi kisheria na imekosea kisiasa. Mkataba ukipita kwa asilimia 53 huku kantoni 14 zikiukataa, SVP itapata kilio cha kuitia nguvu kwa miaka 20 ijayo, na kila marekebisho ya sheria kutoka Brussels yatakusanyiwa saini. Ukipelekwa kwa kantoni na ukashinda, ngome ile ya 1992 itakuwa imevunjwa kwa sheria zake yenyewe. Hatari ya kushindwa ni kubwa, nakubali, na sioni waziri yeyote Bern mwenye hamu ya kuibeba.

SVP leo inaongozwa na Marcel Dettling, na binti yake Blocher, Magdalena Martullo-Blocher, ni makamu mwenyekiti, mbunge wa Graubünden na mkuu wa kiwanda cha Ems. Serikalini chama kina Guy Parmelin na Albert Rösti. Wawili hao ni sehemu ya serikali inayowaomba wananchi walikatae pendekezo la chama chao wenyewe la milioni 10, wakiwa wamefungwa na uwajibikaji ule ule uliomfunga Blocher wakati wa Schengen. Matokeo yatakapotangazwa, ya mikataba hasa, asilimia ya nchi nzima itachukua vichwa vya habari. Mwenye kutaka kujua kama siasa za Blocher zimemzidi umri aanze kusoma orodha ya kantoni, kutoka Uri kwenda chini.